Skeitibodi: Mchezo Uliozaliwa Siku Bahari Ilipotulia

Jioni moja mwezi uliopita nilikuwa nimeketi na wenzangu kando ya uwanja mmoja hapa Mombasa, kahawa mkononi, tukipunga upepo. Vijana watatu walikuwa wakicheza kwenye ngazi na mbao zao za magurudumu. Mmoja alikuja kwa kasi, akaruka vidato vitatu, ubao ukamponyoka, akaanguka kwa kiwiko. Akajipangusa, akarudi juu. Akaanguka tena. Alipofika mara ya sita au ya saba, akatokea askari na rungu lake: "Haya, ondokeni! Hapa si pa kuchezea."

Wenzangu waliafiki. "Uhuni mtupu," alisema mmoja wao. "Mtu na akili zake, ataka kuvunja shingo kwa ajili ya nini?"

Nami huenda ningeafiki, lakini yule aliyekuwa akianguka ni mpwa wangu. Usiku alikuja kwangu, kiwiko kimechubuka, akaniuliza: "Mjomba, wenzetu huko nje wapewa medali kwa mchezo huu. Sisi twafukuzwa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Nimeusoma mchezo wenyewe tangu siku ile, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya wenzangu wa kahawa.

Mtoto wa bahari

Skeitibodi ni ubao wa tabaka saba nyembamba za mbao ngumu zilizogundishwa pamoja. Chini yake mna ekseli mbili za chuma na magurudumu manne, kila gurudumu na beringi mbili. Juu hubandikwa karatasi mfano wa msasa ili mguu usiteleze. Hakuna kamba wala mkanda wa kumfunga mtu na ubao wake.

Mchezo huu haukubuniwa na mtu mmoja. Ulizaliwa California, pwani ya magharibi ya Marekani, miaka ya 1950, miongoni mwa vijana waliopenda kupanda mawimbi kwa mbao. Sisi watu wa pwani twajua kwamba bahari ikiwa shwari mvuvi hushukuru. Mpanda mawimbi yeye huhuzunika, kwani siku yake imeharibika. Basi siku kama hizo vijana wale walichukua magurudumu ya viatu vya kuserereka, wakayapigilia chini ya kipande cha ubao, wakaenda kutafuta mawimbi barabarani.

Magurudumu ya mwanzo yalikuwa ya chuma, kisha yakaja ya udongo mgumu. Yote mawili yalikuwa balaa. Kijiwe kidogo tu kikikwama, ubao husimama papo hapo na mwenyewe akaendelea na safari peke yake. Mchezo ulivuma, ukafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kijana aitwaye Frank Nasworthy alileta magurudumu ya plastiki ya yurithani, laini na yenye kushika lami, akayauza kwa jina la Cadillac. Ubao ukaanza kutii.

Mwaka 1975, kwenye mashindano ya Del Mar, kikundi cha vijana wa Santa Monica na Venice kiliwashangaza waamuzi. Wenzao walisimama wima kama askari wa gwaride. Wao walichutama, mkono mmoja ukigusa chini, kama mtu anayepapasa wimbi. Kisha California ikapigwa na ukame, 1976 na 1977, na mabwawa mengi ya kuogelea majumbani yakaachwa makavu. Mabwawa yale yalikuwa na kuta zilizopinda mfano wa bakuli, na vijana wakaona humo mawimbi yasiyotulia kamwe. Waliruka nyua za watu, mmoja akawekwa mlangoni kuangalia polisi, wengine wakacheza hadi walipofukuzwa. Kwa hivyo kufukuzwa si jambo geni katika mchezo huu.

Nami nakumbuka, tulipokuwa wadogo, tulikuwa na kigari cha ubao chenye beringi kuukuu tulizoomba gereji. Sauti yake juu ya lami iliamsha mtaa mzima saa za watu kujinyoosha mchana. Tulifukuzwa kwa fagio, kwa maji, na kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Hatukujua kuwa kulikuwa na watoto ng'ambo ya bahari wenye kigari ndugu ya chetu.

Kuruka bila kushika

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana wa Florida, Alan Gelfand, aliyeitwa Ollie kwa utani, aligundua namna ya kuruka na ubao ndani ya mabakuli yale bila kuushika kwa mkono. Mruko ukapewa jina lake: oli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Rodney Mullen akauweza juu ya ardhi tambarare.

Siri yake ni hii. Mguu wa nyuma huupiga mkia wa ubao chini kwa nguvu, na mbele kukainuka. Papo hapo mguu wa mbele husuguliwa kuelekea puani mwa ubao, ukiuvuta juu na kuulaza sawa hewani. Atazamaye hudhani ubao umegandishwa kwenye viatu, kumbe ni msuguano na wakati tu. Kukosea kwa nukta moja ni kuanguka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya mpwa wangu pale ngazini.

Oli iligeuza mchezo wote. Viwanja vingi vya kulipia vilikuwa vimefungwa Marekani kwa sababu ya gharama za bima, na vijana wakatoka mitaani. Aliyeweza kuruka hakuhitaji bakuli tena. Ngazi za shule, vyuma vya kushikia, mabenchi ya saruji, vyote vikawa uwanja. Serikali nyingine hazikupendezwa. Norway ilipiga marufuku skeitibodi tangu 1978 hadi 1989, kuuza na kutumia, na vijana wake wakaenda kujificha misituni.

Vioja vyake

Watu hawa hujiita huru, lakini wana sheria nyingi kuliko wacheza bao. Atangulizaye mguu wa kulia ubaoni hupewa jina la kigeni lenye maana ya mtu wa kichekesho, ingawa mabingwa wengi ndivyo walivyo. Asukumaye ardhi kwa mguu wa mbele badala ya ule wa nyuma huchekwa, hata akiwa na kasi. Anayeingia bila kungoja zamu huitwa nyoka. Wakishindana wawili, mmoja hufanya mruko na mwenziwe lazima auige; akishindwa hupewa herufi moja ya neno la Kiingereza la mchezo wenyewe. Likitimia neno, ametoka.

Makofi pia ni nadra. Mtu akifanya jambo zuri, wenziwe hugonga mbao zao chini.

Kioja kikubwa kuliko vyote ni namna wanavyomheshimu aliyeanguka. Mwaka 1997 Jamie Thomas aliruka kutoka ghorofani katika shule moja ya San Diego, kimo cha zaidi ya mita 5. Ubao ulivunjika, hakutua sawasawa. Shule ikaja kujenga lifti mahali pale, asiweze mtu kujaribu tena. Lakini mruko ule ulioshindwa watajwa hadi leo kuliko maelfu yaliyofaulu.

Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ndiyo ya kwanza kuuingiza mchezo huu. Momiji Nishiya wa Japani alipata dhahabu akiwa na miaka 13. Lakini wengi wamkumbuka mwenziwe, Misugu Okamoto, aliyeanguka zamu yake ya mwisho na kukosa medali. Alitoka akilia, na washindani wake wakambeba mabegani.

Kumbukumbu za waliokua

Ubao huu hununuliwa ili uharibike. Picha iliyochorwa chini yake hukwaruzwa na vyuma, mkia huliwa na lami, na siku moja ukakatika katikati. Ndiyo maana mbao za miaka ya 1980 zilizosalimika sasa zatundikwa ukutani kama picha za arusi, na kampuni huchapa upya michoro ileile kwa wateja wenye mvi. Wapo vijana wanaopiga picha kwa kamera ya kanda ya Sony VX1000, iliyotoka 1995, na simu nzuri wanayo mfukoni. Wasema bila ile picha ya zamani mchezo hauna ladha.

Wengi wa rika langu hapa Pwani tuliujua kupitia gemu. Mwaka 1999 Tony Hawk alizunguka hewani mara mbili na nusu huko San Francisco, muda wa shindano ukiwa umeshakwisha, baada ya kuanguka na kuanguka tena. Mwaka huohuo ikatoka gemu yenye jina lake. Tuliicheza vibandani kwa kulipia dakika, na ilipotengenezwa upya 2020, watu wenye watoto waliinunua wakidai ni ya watoto.

Wanachokikumbuka hasa ni mahali. Philadelphia kuna uwanja uitwao LOVE Park, uliosifika duniani kote kwa mchezo huu. Mwaka 2002 mji uliamua kuwafukuza vijana kabisa. Edmund Bacon, mzee aliyebuni wazo la uwanja huo, alikuwa na miaka 92. Alikwenda pale, akavaa helmeti, akapanda skeitibodi huku ameshikiliwa, akateleza mbele ya waandishi wa habari kupinga marufuku ile. Hakufanikiwa, na uwanja ulibomolewa na kujengwa upya miaka ya baadaye. Ila mzee yule hakusahauliwa.

Jibu langu kwa mpwa wangu

Sisemi askari alikosa yote. Ngazi ni njia ya wazee na kina mama wenye watoto, na ubao ulioponyoka waweza kumvunja mtu mguu. Helmeti si pambo. Lakini kumwambia kijana "hapa si pa kuchezea" bila kumwonyesha pa kuchezea si jibu. Kule Kitintale, Kampala, vijana walijenga kiwanja chao kwa mikono yao. Nairobi kipo kimoja katika makao ya watoto ya Shangilia. Kinachohitajika ni saruji laini, mteremko kidogo na kivuli, na mji wetu haukosi pembe ya namna hiyo.

Mtoto anayeanguka mara saba na kupanda ngazi mara ya nane, bila mwalimu wala kocha, ana jambo ambalo sisi tulio barazani twalilia vijana wetu walipate.

Juzi alasiri niliwafuata wenzangu palepale, nikawahadithia habari za mzee Bacon. Vijana nao walikuwa wamerudi. Mpwa wangu aliruka, akatua, akayumba, akasimama. Askari alikuwa bado hajafika. Yule aliyesema uhuni mtupu hakusema neno, ila nilisikia bakora yake ikigonga sakafu, mara mbili.