Deni la Mishahara ya Vita Kuu Lililokosa Mrithi

Jeshi la Wajerumani lilipoweka silaha chini huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikuwa na deni kubwa kwa watu wake wenyewe. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kwamba askari na wapagazi Waafrika walidai mishahara ifikayo rupia milioni 1.5. Madai yalikuwa yameorodheshwa. Fedha ndizo hazikuwepo. Waingereza waliombwa wazitoe, zisipatikane. Wadai wakaishia kupewa hati.

Mzizi wa deni hilo ulikuwa uhaba wa fedha. Koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilitumia rupia, 15 kwa pauni moja, na manowari za Uingereza zilipoifunga pwani, noti na sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Kuanzia 1915 noti za muda zilichapwa Dar es Salaam na Tabora. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikafua hata sarafu za dhahabu za rupia 15, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Mwaka uliofuata jeshi lilikuwa limesukumwa porini, na noti zikagongwa kwa mihuri ya mpira juu ya karatasi yoyote iliyopatikana. Thamani yake ilikuwa ahadi ya serikali iliyokuwa ikikimbia.

Nyanda za Juu Kusini zilibeba sehemu yake ya mzigo huo. Majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliwashinda Wajerumani Malangali Julai 1916 na kuingia Iringa mwezi uliofuata. Tabora ilipoanguka tarehe 19 Septemba, Jenerali Wahle wa Wajerumani aliwaongoza askari wake kuelekea Iringa, na Novemba baadhi yao wakajisalimisha Ilembule, kusini-mashariki mwa Rujewa. Majeshi ya pande zote mbili yalikula nafaka na mifugo ya nchi yalimopita. Aliyeuza ng'ombe kwa noti za Kijerumani alibaki na karatasi, kwa sababu utawala mpya haukuzitambua noti hizo za muda.

Sheria nayo ilimfungia mlango. Kifungu cha 257 cha Mkataba wa Versailles wa 1919 kilisema kwamba koloni lililokabidhiwa kwa udhamini, pamoja na dola inayolisimamia, havitabeba sehemu yoyote ya deni la Ujerumani. Uingereza ikairithi nchi bila kurithi madai ya watu wake.

Marekani ilichagua njia nyingine baada ya vita vyake vya uhuru. Kuanzia 1783 kamishna John Pierce alipitia hesabu za wanajeshi na kuwapa vyeti vya mishahara waliyodai. Mwaka 1790, kwa pendekezo la Alexander Hamilton, serikali kuu ilikubali kulipa deni la taifa pamoja na madeni ya vita ya majimbo. Haki haikuwafikia wote: wanajeshi wengi maskini walikuwa wameshauza vyeti vyao kwa bei ya kutupa, na faida ikaenda kwa wanunuzi. Hata hivyo deni lilikuwa na mwenyewe.

Kwa askari wa Lettow-Vorbeck, Ujerumani ililipa malimbikizo kidogo katika miaka ya 1920. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliokuwa bado hai, na dirisha la malipo likafunguliwa Mwanza. Inasimuliwa kwamba wazee mia tatu na zaidi walijitokeza na wachache tu walikuwa na hati zao. Waliobaki walikabidhiwa ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, hakuna aliyeshindwa.

Wapagazi hawakuwa na gwaride la kuonyesha, na hapo ndipo dhuluma ilipozidi. Upande wa Waingereza, vifo vyao vilivyoandikwa vilizidi 95,000. Mishahara ya waliokufa au kupotea ilibaki bila kuchukuliwa, kwa kuwa ndugu wengi hawakujua hata mahali jamaa yao alikofia. Maofisa wa Kenya waliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ilikataa.