Uyoga wa Kichuguu Haulishi Mche

Kila mvua za vuli au masika zinapokaribia, swali ni lile lile: "Mtaalamu, udongo wa kichuguu kilichoota uyoga nichanganye ndoo ngapi kwenye viriba?" Anayeuliza huwa mkulima wa parachichi wa Vudee, mwenye kitalu cha kahawa Mbaga, au kijana wa Hedaru anayeotesha miti ya kuuza. Wote wamesikia jambo la kweli, kwamba zipo kuvu za udongoni zinazosaidia mche kukua. Kisha mtu akawapachikia uongo, kwamba kuvu hizo ndizo zinazochomoza uyoga juu ya kichuguu. Jibu langu halijabadilika. Kwa nia hiyo, usichanganye hata kopo moja.

Uyoga wa kichuguu ni mali ya mchwa. Mchwa hukusanya majani makavu na vipande vya miti, huvila, na kinyesi chao hukijengea sega ndani kabisa ya kichuguu. Kuvu huota juu ya sega hilo na kuvunjavunja ugumu wa mti ambao tumbo la mchwa haliuwezi, kisha mchwa hurudi kulila sega lililolainika. Ushirika huo ulianzia hapa Afrika makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, na ndani yake hamna nafasi ya mmea ulio hai. Kuvu ya mchwa haiingii kwenye mzizi wa mparachichi, wa mbuni wala wa mgunga. Haina kazi huko. Tena haidumu nje ya nyumba yake: ukilitoa sega kwenye uangalizi wa mchwa, ukungu wa aina nyingine hulivamia baada ya siku chache. Kwa hiyo unachokitia kwenye kiriba ni kuvu inayokufa, ambayo hata ikipona haiujui mche wako.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Lakini mwaka jana niliweka, na miche ilinawiri." Sibishi kwamba ilinawiri. Mchwa hupandisha udongo wa chini wenye mfinyanzi na madini, kalsiamu ikiwemo, na mara nyingi udongo wa kichuguu huwa na rutuba kuliko ule wa pembeni yake. Miche ilipata madini, sifa wakapewa uyoga. Na kwa sababu udongo huo umetoka chini, mbali na mizizi mingi, mara nyingi ndio wenye uhaba wa zile kuvu unazozitafuta. Ukiuzidisha, mfinyanzi wake hugandamana ndani ya kiriba, maji yakatuama juu na mzizi ukakosa hewa.

Ndugu wa imani hii ni ile ya kukusanya ukungu mweupe kwenye majani yanayooza msituni. Ule unaozesha majani. Ni kazi nzuri, kwenye lundo la mboji uachwe uifanye, lakini haulishi mzizi.

Kuvu inayoisaidia kahawa, parachichi, tangawizi ya Mamba Miamba, mahindi, migunga ya Mkomazi, hata mikulo na mipodo ya msitu wa Chome, ni mikoriza ya aina isiyotoa uyoga kamwe. Haionekani kwa macho. Huishi ndani ya mzizi ulio hai na kutandaza nyuzi zake nje, nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, zikiingia kwenye matundu ya udongo ambayo mzizi hauwezi kupenya. Huko huchukua fosforasi ambayo chuma na aluminiamu za udongo mwekundu wa milimani zimeishikilia, huuletea mmea, nao mmea huilipa kwa sukari. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea: kuvu hii haiwezi kukuzwa pasipo mzizi ulio hai. Haiumuki kwenye dumu. Mtu anayekuuzia chupa ya maji ya molasi na kukuhakikishia kwamba ameizalisha humo, anakuuzia kitu kingine. Huenda ni trikoderma, kuvu nyingine yenye faida zake dhidi ya magonjwa ya mizizi, inayokubali kukuzwa kwenye pumba. Huenda ni molasi tupu.

Uyoga unasema kweli kwa miti michache tu. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, A. B. Frank, aliyekuwa akitafutia serikali ya Prussia njia ya kuotesha uyoga ghali wa ardhini, ndiye aliyeupa muungano huu wa kuvu na mizizi jina la mikoriza. Miti aliyoichunguza hushirikiana na kuvu zenye uyoga. Misindano nayo ni ya kundi hilo, na ilipoletwa Afrika ilidumaa vitaluni sehemu nyingi hadi watu walipoleta udongo kutoka chini ya misindano mikubwa. Miyombo na mikongo pia hushirikiana na kuvu za uyoga. Basi anayeotesha msindano, achote udongo chini ya msindano. Anayeotesha mparachichi aache kutafuta uyoga.

Ipo pia mimea isiyohitaji kuvu hizi. Kabichi, figili na mchicha hazina ushirika nazo. Migrevilea hutoa vishada vya vijimizizi vinavyoyeyusha fosforasi vyenyewe. Kuinunulia mikoriza kabichi ni kutupa hela.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba watu hutafuta kuvu huku wakiziua. Udongo wa viriba huchimbwa kwenye kingo za barabara, chini kabisa, kisha hukaangwa kwenye bati ili kuua magonjwa, hutiwa DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa mkono usiopima, halafu huloweshwa kabendazimu, dawa ya ukungu. Fosforasi ikizidi, mmea huacha kuilipa kuvu, nayo hufifia. Kabendazimu ikiingia kwenye udongo haichagui ukungu mbaya na mzuri. Mche wa namna hiyo hupendeza kitaluni kwa sababu unanyweshwa na kulishwa kila siku. Ushushwe tambarare za Makanya, ambako mvua ni chache na maji ya ndiva, yale mabwawa ya kienyeji ya kumwagilia, hugawanywa kwa zamu, ndipo utakapojua mzizi wake hauna msaidizi.

Fanya hivi. Chukua udongo wa juu, usizidi sentimita 20, pamoja na vijimizizi, chini ya mti wa kienyeji wenye afya shambani kwako. Usiuchote kwenye hifadhi ya Chome. Changanya na mchanga safi nusu kwa nusu, jaza beseni lenye matundu, panda mtama au mahindi, mwagilia miezi mitatu hadi minne bila DAP. Acha kumwagilia wiki mbili ili kuvu itengeneze mbegu zake, kata mashina, katakata mizizi, changanya yote. Hiyo ndiyo mbegu yako. Iweke kivulini ikiwa kavu, itumie msimu huo huo. Unapohamishia mche kwenye kiriba, tia konzi moja kwenye shimo, iguse mizizi. Kuinyunyiza juu hakusaidii. Kwa tangawizi weka chini ya kipande unachopanda. Usichote udongo kwenye shamba la tangawizi lenye uozo wala kwenye kahawa au nyanya yenye mizizi ya vinundu, utahamisha ugonjwa na minyoofundo. Kiriba kiwe na mboji iliyoiva. Ukihitaji fosforasi kwenye udongo wenye tindikali tumia mbolea ya fosfeti ya Minjingu kidogo, huyeyuka polepole. Dawa ya ukungu iwe ya majani na kwa ugonjwa uliotambuliwa. Kama udongo wako tayari ni wa juu, wa shamba lenye mazao mchanganyiko, kuvu zimo, usinunue chochote. Acha safu chache za viriba bila mbegu hiyo, upime kimo na unene wa shina baada ya miezi mitatu. Ukitaka uhakika wa kilichomo mzizini, inabidi mzizi upakwe rangi na kutazamwa kwa hadubini. Waulize watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Muheza, kabla hujamlipa mwenye chupa.