Acheni Kuniuliza Kasi ya Kuchapa

Swali ni lile lile, litoke Eldoret au Mombasa: nichape maneno mangapi kwa dakika ndipo nipate kazi ya kunukuu ripoti za madaktari wa Marekani? Anayeuliza huwa ameshalipia kozi ya kuchapa, au yumo njiani kulipa.

Hamsini hivi yanatosha. Sasa tuzungumze kazi yenyewe.

Imani hii ya kasi imezaliwa na malipo. Wengi hulipwa kwa mstari, na mstari kwa desturi ni herufi 65, nafasi zikihesabiwa; mtu akapiga hesabu kwamba vidole vikikimbia, pesa nazo zitakimbia. Siku hizi hospitali nyingi za huko zina programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, na hakuna mhazili atakayeifikia kwa kasi. Kilichobaki kwa binadamu ni kusikiliza rekodi na kusahihisha uchafu ulioachwa.

Na uchafu upo. Daktari anasema “ileum”, sehemu ya utumbo mdogo. Mashine inaandika “ilium”, mfupa wa nyonga. Hapo hata sikio halisaidii, maana yanatamkwa sawa. Utajua tu ukifahamu kwamba anasimulia upasuaji wa utumbo. Hydralazine ni dawa ya presha, hydroxyzine ni ya mzio na mwasho. Ukiikuta ya pili katika ripoti inayozungumzia presha mwanzo hadi mwisho, unasimama na kuirudisha sauti nyuma. Mwenye mbio angekuwa ameshapita.

Mwaka 2012 jopo la mahakama huko Alabama liliipa familia ya mgonjwa wa kisukari dola milioni 140. Maelezo yake ya kutoka hospitalini yalinukuliwa India. Insulini uniti 8 ikaandikwa 80, na mgonjwa akafa. Niambieni, hapo kasi ingemsaidia nani? Sifuri kama ile hushtukiwa na mtu anayezijua dozi, tena mwenye kichwa kigumu cha kukataa kuipitisha kabla haijathibitishwa.

Usichosikia, usikibuni. Acha pengo, andika dakika na sekunde ya rekodi, mrudishie daktari. Wanagenzi hulichukia pengo hilo, wanaliona aibu. Mimi ndilo ninalolitafuta kwanza nikimpima mtu.

Basi, hela ya kozi ya kuchapa nunua hedifoni nzuri na pedali ya mguu ya kusimamishia sauti. Soma anatomia, majina ya dawa, vipimo vya maabara. Aliyesomea uuguzi au famasia yuko mbele yako. Kama huna msingi huo, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, kina diploma ya rekodi za afya, itakayokufaa hata kazi za kunukuu zikikauka, na zinapungua kweli. Zoeza sikio lafudhi za Kihindi, za Kifilipino na za kusini mwa Marekani. Isome HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996 inayolinda siri za wagonjwa, pamoja na yetu ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019. Rekodi ya mgonjwa haichezwi kwa spika sebuleni, wala haitumwi WhatsApp kuulizia neno. Na anayekuuzia “akaunti” ya kazi ya kunukuu yenye jina la mtu mwingine, mkatalie: kampuni ikigundua itaifunga, na hela yako huioni tena.