Maradhi ya Ini kwa Sungura

Wafugaji wengi huona sungura wachanga, wakiisha kuachishwa ziwa, wakikonda huku matumbo yamevimba, kisha wakafa. Nao husingizia majani yenye umande. Twaona majani yaonewa bure. Mpasueni mmoja aliyekufa, mtazame ini. Likiwa kubwa kupita kadiri, tena limejaa madoa meupe au ya manjano, basi yaelekea mwuaji ni kijidudu kiitwacho Eimeria stiedae, ambacho huzaana katika mifereji ya nyongo. Leeuwenhoek wa Uholanzi hudhaniwa kuwa ndiye aliyekiona kwanza, mwaka 1674.

Mayai yake hutoka pamoja na mavi. Yakiwa mapya hayana madhara. Yataka hewa, unyevu na joto kwa muda wa siku mbili au zaidi ndipo yakomae. Hapo sungura alaye majani yaliyotupwa chini huyameza. Basi afagiaye kibanda kila siku huyaondoa kabla hayajakomaa, na hiyo ndiyo kinga kubwa. Sakafu ya waya yafaa kuliko ya mbao, kwa kuwa mavi hupita, na majani yatiwe kihorini. Dawa nyingi za kusafishia haziyawezi mayai hayo, lakini maji yachemkayo huyaua.

Dawa za salfa husaidia zikitolewa mapema. Kipimo mwulizeni bwana mifugo. Aliyepona asiwekwe pamoja na wachanga, maana aweza kuendelea kutoa mayai. Watu hawaambukizwi maradhi haya, ila ini lililoharibika twashauri lichomwe moto.