Umeme wa Pikipiki na Maradhi Yake

Pikipiki ikikataa kuwaka alfajiri, neno la kwanza la mwenyewe ni hili: "Betri imekufa." Huenda dukani, akanunua nyingine, akarudi kazini kwa furaha. Baada ya majuma machache na hiyo mpya imekufa, ndipo huanza kumlaumu mwenye duka. Nataka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwamba mara nyingi betri haina kosa, na kwamba mtu mwenye mita ndogo ya umeme aweza kujua ugonjwa uko wapi kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Yafaa kwanza tujue umeme wenyewe watoka wapi. Betri ya pikipiki haina umeme wake. Huuhifadhi tu, kama mtungi uhifadhivyo maji. Mzaa umeme ni sumaku iliyofungwa mwishoni mwa kranki ya injini, ambayo huzunguka kando ya koili za waya wa shaba. Ndiyo habari tuliyoisoma katika Fizikia: mwaka 1831 Bwana Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili, umeme hupita wayani. Mwendo ukizidi, na volti huzidi. Lakini umeme huo ni wa kwenda na kurudi, nayo betri hutaka umeme wa kwenda njia moja. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika kidude chenye mapezi ya kupozea, ambacho mafundi hukiita rektifaya. Katika pikipiki nyingi za siku hizi kidude hiki kina kazi mbili: kuugeuza umeme uende upande mmoja, na kuuzuia usipande kupita kiasi. Basi koili, rektifaya, nyaya pamoja na plagi na fyuzi zake, halafu betri: kimoja kikiharibika, betri ndiyo isingiziwayo.

Sasa tupime. Pikipiki ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa, weka mita kwenye volti na uguse ncha mbili za betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12, ina njaa. Ichajiwe kwanza nje ya pikipiki, maana betri dhaifu huvuruga vipimo vyote vifuatavyo. Kama ikisha kujazwa, ikawekwa peke yake usiku kucha bila kuungwa na waya wowote, na asubuhi imeshuka tena chini ya 12, hapo kweli imekufa.

Kisha washa injini na uongeze moto mpaka mizunguko kama 4,000 au 5,000 kwa dakika. Mita yapasa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikivuka 15, rektifaya haizuii tena. Maji ya betri yatachemka na balbu zitaungua moja moja. Ikibaki pale pale, au ikishuka, betri hailishwi, na hata ukinunua kumi zote zitakufa njaa.

Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu, ambaye ni fundi. Akaja kijana wa bodaboda, taa yake hafifu kama kibatari. Alikuwa amekwisha nunua betri mbili katika miezi minne, na kila jioni yampasa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, apate abiria asipate. Tena kazi yake kubwa ni ya usiku, katika barabara yenye malori. "Fundi, nifungie nyingine tu niende," akasema. Mjomba akamjibu, "Ngoja kidogo, mdogo wangu." Mita ilisoma 12.4, na moto ulipoongezwa ikafika 12.7 tu.

Pikipiki ile ilikuwa ya namna yenye nyaya tatu za njano zitokazo kwenye koili. Mjomba alizima injini, akaichomoa plagi yake, akapima ukinzani kati ya kila nyaya mbili. Jozi zote tatu zilisoma sawasawa, chini ya omu moja, na hapana hata waya mmoja uliogusana na bodi. Kisha akaweka mita kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi, akawasha: jozi zote zikapanda pamoja. Koili, basi, zilikuwa nzima. (Volti hizo ni nyingi, usiguse ncha kwa mkono. Na katika pikipiki ndogo zenye waya mmoja, koili huweza kuwa imeungwa na bodi makusudi, usije ukaihukumu kwa hilo.)

Ugonjwa ulikuwa katika plagi yenyewe. Pini moja ilikuwa nyeusi, na plastiki yake imeyeyuka. Mguso uliolegea huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto huzidi kuulegeza mguso. Tulikata sehemu iliyoungua, tukaunga upya kwa risasi, na mita ikasoma 14.1. Gharama haikufika robo ya bei ya betri.

Wako wanaopima kwa kuichomoa betri huku injini ikinguruma. Mimi naona ni mchezo mbaya. Volti zaweza kuruka ghafla zikaunguza rektifaya iliyokuwa nzima. Asiye na mita na atazame taa kubwa: katika pikipiki ambazo taa hiyo hulishwa moja kwa moja na koili, taa ikikoleza kila moto unapoongezwa huku honi ikikwama, koili za taa zafanya kazi, atafute mbele yake.

Limebaki jambo moja. Vipimo vyote vikiwa vizuri, lakini betri huisha pikipiki ikiwa imelala, kuna kitu kinyonyacho umeme usiku. Chomoa waya wa hasi, uweke mita ya ampea kati yake na betri, halafu utoe fyuzi moja moja mpaka kipimo kishuke. Kisiposhuka, tafuta kitu kilichoungwa kwenye betri bila kupitia fyuzi, kama king'ora au chaja ya simu.