Kesi ya Shamba: Anzia Kwenye Kata

Ndugu wakulima, jirani amesogeza mpaka, jembe lake limeingia kwenye migomba yako. Kwa hasira unakwenda moja kwa moja Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nauli umelipa, ada umelipa, kazi ya shamba imesimama. Halafu unaambiwa: shauri limeondolewa, hukupitia kata!

Je, ndiyo umeshanyang'anywa shamba? Hapana. Haki yako haijapimwa bado. Ulichokosea ni njia. Hapa Tanzania Bara, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha, siyo kuamua. Likishindwa kuwapatanisha, liombe cheti cha kuthibitisha hivyo. Hicho ndicho cha kwenda nacho wilayani.

Na baraza likikaa kimya, je? Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inakuruhusu kufungua shauri hata bila cheti. Kwa hiyo andika tarehe uliyopeleka malalamiko, na karatasi zake uzitunze.

Ila usilale, ndugu. Madai ya kurudishiwa ardhi yana kikomo: miaka 12 tangu uliponyang'anywa. Anzia kata, tena mapema.