Je, Wajua? Ganzi ya miguu huenda isiwe kosa la sukari pekee

Metformini, kidonge wanachopewa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, kinaweza kupunguza vitamini B12 mwilini kwa kuzuia utumbo kuifyonza vyema. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huingia polepole: uchovu, usahaulifu, ganzi miguuni. Ganzi ndiyo yenye hila, maana kisukari chenyewe pia huileta, na lawama yote huiangukia sukari.

Huku Embu na Meru jambo hili lina uzito wake. Utafiti ulioanza 1998 katika shule 12 za Kyeni, Embu, ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wana B12 kidogo. Walikula zaidi mahindi na maharagwe, na mimea haina B12. Githeri ilipotiwa nyama, au kuandamana na maziwa, kiwango kilipanda. Basi mzee anayemeza metformini miaka nenda miaka rudi, chakula chake githeri na mukimo tupu, hupungukiwa kwa njia mbili. Kipimo cha damu hulifichua tatizo. Vidonge au sindano za B12 hulitibu, na metformini huendelea kumezwa kama daktari alivyoagiza.